Kupiga Windows 7 kwenye mashine ya Skylake: setapu inafunguka, kibodi na mausi vinakufa

UziNaSindano

Habari za jioni wakuu. Naomba msaada kwa wenye uzoefu wa kupiga Windows za zamani kwenye mashine za kisasa kidogo.

Nina karakana ya kudarizi hapa Morogoro, tunatia nembo kwenye sweta za shule na sare za vikundi. Mashine ya kudarizi inapokea michoro kutoka kwenye programu ambayo leseni yake ni kijiti cha USB, na draiva ya kijiti hicho inaishia Windows 7. Kompyuta tuliyokuwa tunatumia imeungua mazabodi. Nimenunua desktop ya mtumba, Core i5-6500 (kizazi cha 6, Skylake), RAM 8GB, SSD ya SATA 240GB. Ilikuja na Windows 10 na haina tatizo lolote.

Nimetengeneza flashi ya Windows 7 64-bit kwa programu ya Rufus. Inabuti, mstari wa "Windows is loading files" unajaa mpaka mwisho, nembo inajikusanya, dirisha la kuchagua lugha linatokea. Hapo hapo taa nyekundu ya chini ya mausi inazimika, na kibodi nayo kimya, hata taa ya Num Lock haiwaki. Nimezunguka poti zote za mbele na za nyuma. Nikaazima kibodi ya pini za duara, hiyo ikakubali, nikafika kwenye Install now. Ikaleta haya:

"A required CD/DVD drive device driver is missing."

Sina CD wala DVD, natumia flashi. Fundi mmoja ananiambia ISO (faili la Windows nililoshusha) ni mbovu, mwingine anasema SSD haikubali Windows 7. Nina oda ya sweta za shule inanisubiri. Natanguliza shukrani.

Kijana_wa_Buza

Pole sana dada. Shusha ISO nyingine, hiyo itakuwa imekatika njiani. Halafu choma kwa spidi ndogo.

Nyundo64

Dada, usishushe ISO nyingine na SSD usiiguse, vyote ni vizima. Ujumbe huo unapotosha watu kila siku, na ukiufuata kwa maneno yake utamaliza bando bure.

Ngoja nieleze kinachotokea, maana ukishakielewa utajua cha kufanya hata kwenye mashine nyingine.

Unapowasha kompyuta, anayesoma flashi ni BIOS. Yeye ndiye anayeijua USB, kibodi na mausi. Anaikabidhi kazi programu ndogo ya kuwashia, hiyo inaisoma faili la boot.wim kutoka kwenye flashi na kulipakia lote kwenye RAM. Huo ndio mstari wa "loading files" unaouona. Mpaka hapo BIOS bado yupo kazini, ndiyo maana kila kitu kinakwenda sawa.

Nembo ikishajikusanya, kiini cha Windows kinachukua usukani na BIOS anakaa pembeni. Kuanzia sekunde hiyo Windows inatumia draiva zake yenyewe. Na Windows 7 ilitoka Oktoba 2009, haina draiva ya kidhibiti cha USB 3.0, kile kinachoitwa xHCI. Draiva hiyo ilianza kuja ndani ya Windows kuanzia Windows 8, mwaka 2012.

Utaniuliza, mbona kompyuta nyingi za 2012 mpaka 2014 zina poti za bluu na Windows 7 inaingia bila shida? Kwa sababu kwenye mazabodi zile Intel waliacha pia kidhibiti cha zamani cha USB 2.0, EHCI, ambacho Windows 7 inakijua. Mtu anachomeka poti nyeusi, kazi inaendelea. Skylake ilipokuja 2015 na chipseti za mfululizo wa 100, EHCI iliondolewa. Poti zote, nyeusi na za bluu, zinapita kwenye xHCI. Ndiyo maana kuzunguka poti hakukusaidii, zote zinaishia kwenye mlango mmoja.

Sasa urudi kwenye ule ujumbe. Setapu iko kwenye RAM, inataka kusoma install.wim iliyoko kwenye flashi, lakini flashi haionekani tena. Waandishi wa setapu ile walitarajia diski ya DVD, hivyo inalalamikia draiva ya DVD. Kinachokosekana ni draiva ya USB. Na kibodi ya pini za duara imefanya kazi kwa sababu haipiti USB kabisa.

Kwa hiyo kazi yako ni kupachika draiva ya USB 3.0 ndani ya mafaili ya setapu kabla ya kutengeneza flashi. Kwanza nijibu mawili: mazabodi ni ya chipseti gani, na je, kijiti cha leseni kinahitaji Windows ya 32-bit au kinakubali 64?

Mama_Seva

Nikiongeza kwa Nyundo64: dada, kagua BIOS kabla ya yote. Secure Boot (ukaguzi wa sahihi wakati wa kuwasha) izimwe, CSM au Legacy (hali ya kuigiza BIOS ya zamani) iwashwe, SATA iwe AHCI (namna ya kuongea na diski). Windows 7 haiijui Secure Boot. Na CSM ni lazima hata ukibuti kwa UEFI (mrithi wa BIOS), kwa sababu Windows 7 bado inaita huduma za kioo za BIOS ya zamani. Bila CSM itaganda kwenye "Starting Windows".

Pia baadhi ya mazabodi za Skylake zina kipengele cha "PS/2 Simulator" ndani ya BIOS. Ukikiwasha, kibodi ya USB inajifanya ya pini za duara. Inakusaidia kuandika, lakini flashi itabaki haionekani, kwa hiyo usikitegemee peke yake.

UziNaSindano

Asanteni sana wakuu, maelezo yameingia. Chipseti ni H110. Draiva ya kijiti inakubali 64-bit, kompyuta iliyoungua ilikuwa 64. BIOS nimeweka kama alivyosema Mama_Seva. Windows 10 bado ipo kwenye SSD, naweza kufanyia kazi hapo?

Nyundo64

Vizuri sana, na ndiyo, Windows 10 hiyo hiyo ndiyo karakana yetu. H110 ni mfululizo wa 100, draiva ya Intel ya USB 3.0 ya Windows 7 inaihudumia rasmi.

Chukua draiva kutoka kwa Intel au ukurasa wa mtengenezaji wa mazabodi yako. Usichukue kwenye tovuti za "draiva bure", humo unapewa na vitu usivyoviomba. Ukifungua zipu utakuta folda za x86 na x64. Chukua x64 tu. Ndani yake hakikisha unaona mafaili haya mawili: iusb3xhc.inf na iusb3hub.inf. La kwanza ni la kidhibiti chenyewe, la pili ni la habu. Kuna watu wanapachika la kwanza peke yake, halafu wanashangaa mausi bado imekufa. Kifaa chochote cha USB kinaning'inia kwenye habu, bila habu kidhibiti kinaamka lakini hakuna kinachoonekana nyuma yake.

Nakili vilivyomo kwenye ISO ya Windows 7 kwenye C:\w7, draiva kwenye C:\draiva, tengeneza folda tupu C:\pachika. Faili la boot.wim na la install.wim yasiwe "Read-only", bofya kulia uondoe alama hiyo, la sivyo DISM, zana ya Windows ya kurekebisha mafaili haya, itakataa kuhifadhi. Kisha fungua Command Prompt kama msimamizi:

`dism /Mount-Wim /WimFile:C:\w7\sources\boot.wim /Index:2 /MountDir:C:\pachika`

`dism /Image:C:\pachika /Add-Driver /Driver:C:\draiva /Recurse`

`dism /Unmount-Wim /MountDir:C:\pachika /Commit`

Baada ya amri ya pili, soma kioo. Kila faili la .inf linatakiwa liandikiwe kwamba limeingia salama. Likikataa hata moja, usiendelee, rudi hapa na ujumbe ulioupata.

Index 2 ndani ya boot.wim ndiyo setapu yenyewe. Index 1 ni mazingira matupu ya WinPE (Windows ndogo ya kuanzishia), ipachike pia kwa amri zile zile, haidhuru.

Sasa sehemu ambayo wengi wanaisahau. Boot.wim inaendesha setapu tu. Windows itakayokaa kwenye SSD inatoka kwenye install.wim, na hiyo ni picha nyingine kabisa. Ukipachika boot.wim peke yake, setapu itakwenda raha mustarehe mpaka mwisho, kompyuta itajiwasha upya, na utakapofika kwenye kuandika jina la mtumiaji, mausi imekufa tena. Hapo ndipo mtu anakata tamaa na kusema Windows 7 haifai. Kwa hiyo:

`dism /Get-WimInfo /WimFile:C:\w7\sources\install.wim`

Itakuonyesha namba ya kila toleo, Home, Professional, Ultimate. Chukua namba ya toleo ambalo una leseni yake, urudie amri tatu za mwanzo ukitaja install.wim na namba hiyo.

Ukimaliza, geuza C:\w7 kuwa flashi au ISO, kisha piga kama kawaida. Kabla hujafuta Windows 10, hifadhi michoro yako yote nje ya mashine. Yote.

Kijana_wa_Buza

Mkuu Nyundo64 nimejifunza kitu kikubwa hapa. Swali: mazabodi nyingine zinakuja na programu ya mtengenezaji ya kufanya hayo kwa kubofya tu. Hiyo si rahisi zaidi?

Nyundo64

Ni rahisi na inafanya kazi ile ile kwa ndani. Watengenezaji wengi wa mazabodi walitoa programu hizo wakati wa Skylake, na Intel walikuwa na yao. Mwenye nayo aitumie. Mimi napendelea amri kwa sababu ikikwama unajua imekwama hatua gani.

Mpiga_Chuma_Kisumu

Salamu kutoka Kisumu. Niongezee njia nyingine kwa ambaye hataki kuhangaika na boot.wim. Chukua flashi ya Windows 10, ingia kwenye sources, ondoa install.wim au install.esd yake, weka install.wim ya Windows 7 uliyokwisha kuipachika draiva. Setapu ya Windows 10 inajua USB 3.0 na NVMe (SSD za kisasa za kasi) tangu kuzaliwa, kwa hivyo haitapoteza flashi njiani, na itakachopakua kwenye diski ni Windows 7. Nimeitumia kwenye mashine za ofisi na imenitumikia. Lakini alichosema Nyundo64 kuhusu install.wim hakiepukiki: ukiweka ile mbichi, utakwama kwenye jina la mtumiaji.

Na kama una DVD ya SATA na kibodi ya pini za duara, unaweza kupiga bila kupachika chochote, maana Windows 7 inaijua AHCI. Tatizo linakuja baadaye: Windows imeingia, USB haifanyi kazi, na draiva ya USB iko kwenye flashi. Ichome draiva kwenye DVD nyingine kabla ya kuanza.

Mtaa_wa_Pili

Wakuu, kwa heshima zote, kwa nini tunamsaidia mtu kuweka Windows 7 leo? Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Januari 2020, na waliolipia nyongeza walifika Januari 2023 tu. Virusi vya WannaCry vya 2017 viliangusha zaidi mashine za Windows 7. Chrome iliishia toleo la 109. Ni kumweka dada kwenye hatari.

Mama_Seva

Mtaa_wa_Pili, hoja yako ni ya kweli na isipuuzwe. Lakini hapa kuna mashine ya kudarizi inayolisha watu, na kijiti cha leseni kisichokubali Windows nyingine. Kumwambia anunue mashine mpya ni kumwambia afunge karakana.

Linalowezekana ni kuitenga. Dada, kompyuta hiyo ifanye kazi moja tu: programu ya kudarizi. Isiunganishwe intaneti, isifunguliwe barua pepe, na usiitumie kufanya malipo yoyote. Michoro itoke kwenye kompyuta nyingine kwa flashi ambayo umeikagua kwa antivirasi huko huko. WannaCry ilipenya kupitia SMBv1 (njia ya zamani ya kushirikishana mafaili) kwenye mtandao, na kiraka chake, MS17-010, kilitoka Machi 2017, miezi miwili kabla ya shambulio. Kiweke kiraka hicho, halafu waya wa mtandao uutoe kabisa.

UziNaSindano

Wakuu, imeingia!!! Mausi haikuzimika kwenye dirisha la lugha, nilikaa naitazama ile taa. Setapu ilisema diski ni ya GPT (mpangilio mpya wa patisheni) haiwezi kuipokea. Michoro nilikuwa nimeshaihifadhi, nikafuta patisheni zote kwa diskpart na "clean", ikakubali. Baada ya kujiwasha upya kibodi ikaendelea kufanya kazi mpaka nikaingia kwenye desktop. Kioo nimeweka draiva ya Intel ya HD 530, kimekaa vizuri.

Sasa limebaki moja. Draiva ya kadi ya mtandao, na ya kijiti cha leseni ambayo nimeipata toleo la karibuni, zote zina alama ya njano, Device Manager inaandika Code 52. Inasema haiwezi kuthibitisha sahihi ya kidijitali.

Nyundo64

Hongera sana dada! GPT ilikataa kwa sababu ulibuti kwa Legacy, na Legacy inataka MBR, mpangilio wa zamani. Ulichofanya ni sahihi.

Code 52 ni hadithi ya sahihi. Zamani draiva zilitiwa sahihi kwa SHA-1. Baadaye dunia ikahamia SHA-2, na Windows 7 mbichi haiijui vizuri, hivyo inaona draiva halali kama ya kughushi. Kwanza hakikisha una Service Pack 1, ukifungua sifa za Computer itaonekana. Kisha shusha viraka hivi viwili kwenye kompyuta nyingine, kutoka Microsoft Update Catalog, ya x64:

KB4490628, iwe ya kwanza. Washa upya.
KB4474419, iwe ya pili. Washa upya.

Halafu ingia Device Manager, ondoa zile draiva za njano na uziweke tena. Usifuate ushauri wa kuzima ukaguzi wa sahihi kwa F8, ule unadumu mpaka unapozima kompyuta, na kesho asubuhi kijiti hakisomeki na wateja wamesimama mlangoni.

Gari_la_Mkaa

Samahani kwa kudandia uzi. Mimi nina laptopu ya kizazi cha 11, i5-1135G7, nataka Windows 7 kwa programu ya zamani ya uhasibu. Nifuate hatua hizi hizi?

Mama_Seva

Hapana mkuu, na nakushauri usianze. Kizazi cha 6 ndicho mpaka wa amani. Kwako kuna kuta kadhaa kwa pamoja. Laptopu za kizazi hicho kwa kawaida hazina CSM kabisa, kwa hiyo utaganda kwenye "Starting Windows". Kioo cha Iris Xe hakina draiva ya Windows 7, utabaki na picha ya kukwaruza isiyojua hata ukubwa wa kioo chako. Diski mara nyingi imepitishwa kwenye Intel VMD (kidhibiti cha diski cha Intel). Kama ni NVMe, Windows 7 inahitaji viraka KB2990941 na KB3087873 ipachikwe navyo ndipo iione. Na kadi za Wi-Fi za siku hizi, kama AX200 na wenzake, Intel hawakuzitolea draiva ya Windows 7.

Wapo waliofanikiwa kupita baadhi ya kuta hizo kwa programu kama UefiSeven na draiva zilizorekebishwa na watu binafsi. Hiyo ni kazi ya anayependa kuchimba, siyo ya anayetaka kufunga hesabu za mwezi.

Programu ya uhasibu haigusi mashine yoyote ya nje. Weka VirtualBox juu ya Windows uliyonayo, piga Windows 7 ndani yake. Kwenye mipangilio ya USB ya mashine hiyo pepe chagua USB 2.0, usichague 3.0, la sivyo utarudi kwenye tatizo lile lile la dada.

Gari_la_Mkaa

Shukrani mkuu, umeniokolea wikiendi. Je, na dada angeweza kutumia VirtualBox badala ya yote haya?

Nyundo64

Angeweza kujaribu, na kama kompyuta yake ingekuwa mpya kuliko hiyo ningemwambia aanze huko. VirtualBox inaweza kumkabidhi Windows 7 ya ndani kijiti cha USB moja kwa moja. Ila vijiti vya leseni vina tabia zao, vingine vinakubali, vingine vinajitoa katikati ya kazi. Na kijiti kikijitoa wakati sindano iko kwenye sweta ya mteja, hasara ni ya sweta. Kwa kuwa H110 inaikubali Windows 7 kwa draiva rasmi, kuipiga moja kwa moja ni salama zaidi kwake.

UziNaSindano

Wakuu, nimeweka KB zote mbili kwa mpangilio, alama za njano zimeondoka. Kijiti kimewaka taa ya kijani, programu imefunguka na michoro yangu yote ipo. Leo tumeshona nembo za majaribio kwenye kitambaa cha kanzu, mistari imenyooka. Waya wa mtandao nimeutoa kama alivyosema Mama_Seva. Mungu awabariki nyote, Nyundo64, Mama_Seva, kaka wa Kisumu, na Mtaa_wa_Pili pia kwa tahadhari.

Swali la mwisho: SSD ikifa nianze upya haya yote?

Mpiga_Chuma_Kisumu

La hasha dada. Sasa hivi, kabla hujaijaza kazi, tengeneza flashi ya Clonezilla (programu ya kunakili diski nzima), buti nayo, chagua device-image kisha savedisk, na uhifadhi picha nzima ya SSD kwenye diski ya nje. SSD ikifa unanunua nyingine isiyo ndogo kuliko hiyo, unafanya restoredisk, unarudi ulipokuwa. Folda ya C:\w7 uliyoipachika ihifadhi kwenye diski hiyo hiyo ya nje, pamoja na zile KB mbili, draiva ya HD 530 na ya kijiti. Na ukipata mazabodi nyingine ya H110 au B150 kwa bei nzuri, inunue uiweke kabatini.

Nyundo64

Hapo kaka amemaliza. Diski hiyo ya nje usiiache imechomekwa kwenye mashine.